Slagi za geji 20: ipi inaifaa bunduki yako, na je ujaze mwenyewe?

"Mtaalamu habari. Nina bunduki ya marisau geji 20, mtutu mmoja, ile ya kuvunja katikati, ya zamani kidogo, nimeachiwa na mjomba. Kibali ninacho na leseni ya kuwinda ninayo. Nataka nianze kutumia slagi, ile risasi ya kipande kimoja kikubwa badala ya marisau, kwa nguruwe pori. Nimepiga 10 za dukani kwa mita 50, zimetawanyika eneo la ungo mzima na nyingi zinapanda juu. Jamaa yangu anasema za dukani hazina nguvu, tuyeyushe zetu wenyewe tuongeze baruti kidogo ili ile mistari ya pembeni ifanye kazi, izungushe slagi vizuri. Amenipa na mfuko wa risasi 18 alizojaza yeye. Mwingine kaniambia choki ya kubana, ule mbano wa mdomo wa mtutu, inapasua mtutu ukipiga slagi. Nipo njia panda, nianzie wapi?"

Ndugu yangu, kwanza asante kwa kueleza kwa kirefu, maana wengi wananiandikia "bunduki yangu haipigi" halafu basi, hata geji hawasemi. Wewe umenipa karibu kila ninachohitaji, umbali, idadi, na kwamba zinapanda juu, na hiyo ya kupanda juu ndo imenipa mwanga mkubwa kuliko vyote. Nikuambie mapema: sidhani kama shida yako ni nguvu. Na ule mfuko wa jamaa yako uweke mbali kwanza, tutaurudia.

Tuanze na ile mistari ya pembeni maana hapo ndo wengi wanapotea. Slagi ya kawaida yenye mistari ni muundo wa Foster, Mmarekani aliyeitengeneza mwaka 1931. Ukiigeuza utaona nyuma iko wazi kama kikombe, uzito wote uko puani. Chukua soksi, tia jiwe kwenye kidole chake, irushe: jiwe litatangulia, kitambaa kitafuata nyuma, hata ukiirusha vibaya itajinyoosha yenyewe. Slagi hii inaruka namna hiyo hiyo. Ile mistari haizungushi kitu cha maana. Kazi yake ni kwamba slagi ikifika kwenye mbano wa mdomo wa mtutu, ledi (yale madini laini ya kutengenezea risasi) ipate pa kukunjikia, ipite bila kulazimisha. Kwa hiyo hata uongeze baruti mpaka bega ling'oke, mistari haitaizungusha zaidi. Jamaa yako hana nia mbaya, ni hadithi ya siku nyingi hiyo, hata mimi niliiamini zamani.

Kuna aina ya pili, ya Mjerumani Wilhelm Brenneke, ya tangu 1898. Hii ni ledi iliyojaa, haina uwazi nyuma, lakini kile kizibo kinachokaa kati ya baruti na slagi kimefungwa kwenye kitako chake na kinaenda nacho mpaka kwenye mnyama, kinafanya kazi ya mkia. Aina ya tatu ni zile nyembamba zinazokaa ndani ya kikombe cha plastiki kinachodondoka zikishatoka mdomoni. Hizo zimetengenezwa kwa mtutu wenye mifereji ndani, ule unaozungusha risasi kama raifo. Ukizipiga kwenye mtutu laini kama wako (bunduki za namna hiyo karibu zote mtutu ni laini, ila tazama ndani uhakikishe) hakuna wa kuzizungusha, zinapinduka angani zinafika ubavu. Na bei yake ni kubwa, unalipa zaidi upige vibaya zaidi. Kinyume chake pia ni kweli, Foster kwenye mtutu wa mifereji inaacha ledi imegandamana mle ndani na mtutu unaanza kukosea.

Sasa hivi kabla hujafanya kingine chochote, chukua ile karatasi uliyopigia, kama hujaitupa, uangalie matundu yenyewe. Ni ya duara safi au kuna marefu marefu, kama tundu la funguo? Tundu refu maana yake slagi imefika imelala, na hapo ujue haikai vizuri kwenye mtutu wako, au umepewa zile za kikombe bila kujua. Kama ni ya duara yote, slagi zinaruka sawa, tatizo liko kwa choki, kwa shabaha au kwa mpigaji. Usikasirike kwa hilo la mpigaji, nitalifikia.

Nikufafanulie kidogo hiyo geji maana inasaidia kuelewa yanayofuata. Geji 20 ni kwamba ukichukua ratili moja ya ledi, gramu 453.6, ukaigawa vigololi 20 vilivyo sawa, kimoja kinaingia kwenye mtutu wako. Kigololi kimoja ni gramu 22.7 hivi, na tundu la mtutu ni kama milimita 15.6. Slagi nyingi za dukani za geji 20 ni gramu 21 au karibu 18. Ile ya gramu 21 inatoka kwa kasi ya kama mita 488 kwa sekunde, hiyo ni juli 2,500 pale mdomoni. Kwa nguruwe pori aliye karibu, ukampiga panapotakiwa, inatosha kabisa. Linganisha na .410, yule mdogo wa mwisho, ambaye jina lake hata si geji, ni kipenyo cha tundu kwa inchi: slagi yake ni gramu 5.7, inaanza na juli 880 hivi na ikifika mita 45 imebaki na nusu tu na kidogo. Mwenye .410 akiniuliza habari za nguruwe namwambia hapana. Wewe wa geji 20 hujafika kwenye shida hiyo.

Na hata hiyo nguvu unayotaka kuiongeza haifiki unakotaka ifike. Slagi ina pua butu, fupi na nene, hewa inaila haraka mno. Kasi ya ziada uliyoilipia kwa presha na kwa bega lako, sehemu kubwa yake imeshapotea ilipofika mita 50. Kilichobaki ni teke tu.

Haya, choki. Aliyekuambia kwamba inapasua mtutu ana ukweli nusu. Bunduki za mtutu mmoja za zamani nyingi zilitoka na choki kamili, yaani mdomo umebanwa, kwa sababu zilikuwa za ndege. Kwa geji 20 mbano kamili ni kama milimita 0.6 kupungua kutoka kwenye ule 15.6. Pima na kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, pale mdomoni, bunduki ikiwa tupu na imevunjwa wazi. Ukipata kama 15.0 basi umebanwa sana, ukipata 15.4 au 15.5 uko na mbano mdogo, huo ndo unapendwa na slagi. Slagi ya Foster ya kiwandani ni ledi laini na nyembamba pembeni, inajiminya inapita kwenye choki kamili bila kupasua mtutu. Lakini inatoka imeminywa, saa nyingine upande mmoja zaidi ya mwingine, halafu unashangaa inaenda ovyo. Sasa chukua slagi iliyoyeyushwa nyumbani kutoka kwenye ledi ngumu, tuseme vile vyuma vidogo vya kubalansi magurudumu, iwe imejaa haina uwazi, iwe nene kuzidi kidogo, ipitishe kwenye choki hiyo hiyo. Hapo yule aliyekuambia mtutu utapasuka hajakutania. Kwa hiyo jibu la "choki inapasua mtutu?" linategemea ni slagi gani.

Ukikuta umebanwa, fundi bunduki anaweza kuufungua mbano huo kwa kifaa chake, kazi si kubwa. Tafadhali usiukate mtutu mwenyewe kwa msumeno. Nchi nyingi zina urefu wa chini wa mtutu kisheria, ukipungua umeshaingia kwenye kosa jingine kabisa, na mdomo uliokatwa mshazari hata kidogo unatupa slagi pembeni.

Kuna jambo hukuuliza na kwangu mimi ndo lilitakiwa kuwa la kwanza: chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ina urefu gani? Kwenye mtutu, pale chini karibu na kitasa, kuna mihuri. Tafuta 65, 70 au 76, au kwa inchi 2½, 2¾, 3. Urefu unaoandikwa kwenye boksi la risasi ni wa ganda likiwa limeshafunguka, sio likiwa limefungwa. Ndo maana risasi ya 76 inaingia vizuri kabisa kwenye chemba ya 70, bunduki inafunga "klak", kila kitu kinaonekana salama. Ukifyatua, mdomo wa ganda unataka kufunguka na hauna nafasi, unafungukia pale chemba inapoanza kubana kuingia kwenye mtutu, slagi inapita kwenye tundu lililopungua na presha inaruka. Bunduki haikuambii chochote mpaka siku yake. Na kama mtutu ni wa zamani sana, una michoro kama mawimbi ya vyuma viwili vilivyosukwa, au huoni muhuri wowote wa kuonyesha umepimwa kwa baruti isiyo na moshi, usipige slagi ya kisasa hata moja mpaka fundi aione. Kama unakumbuka tu "mjomba alikuwa anaipiga", mjomba alikuwa anapiga nini? Marisau mepesi ya ndege na slagi ni vitu viwili.

Tukiwa hapo hapo, kama nyumbani au kwa jamaa kuna geji 12 pia, hili lisome mara mbili. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye chemba ya geji 12 haidondoki nje wala haibaki pale nyuma, inateleza inakwama mbele ya chemba. Mtu anaona chemba iko tupu, anadhani alisahau, anaweka ya 12 nyuma yake. Basi. Ndo sababu viwanda vilikubaliana ganda la geji 20 liwe la njano, lionekane hata kwenye giza la alfajiri. Angalia kwenye ule mfuko wako kama maganda yote ni ya njano.

Sasa mpigaji. Ulisema nyingi zinapanda juu. Bunduki ya marisau yenye shanga moja tu pale mbele haina kilengeo cha nyuma, kilengeo cha nyuma ni jicho lako. Ukiinua shavu kutoka kwenye kitako kwa upana wa kidole, umeinua kilengeo cha nyuma, na slagi inapanda. Watu wanainua shavu bila kujijua, kwa sababu wanataka kuona shabaha vizuri, au kwa sababu risasi ya pili iliwapiga shavuni na ya tatu wanaiogopa. Halafu nyingi ya bunduki hizi zimetengenezwa makusudi zipige juu kidogo, maana ndege anayeruka anapanda. Kwa marisau ni faida, kwa slagi moja ni kero.

Geji 20 ya mtutu mmoja ni nyepesi, na slagi inarusha teke la nguvu kwenye bunduki nyepesi, watu hawalitarajii kwa sababu wameambiwa geji 20 ni ya watoto. Fanya hivi: mwombe mwenzako awe anakuwekea yeye, wewe usione, mara anaweka slagi mara anaweka ile risasi bandia ya mazoezi isiyo na baruti. Ukivuta kwenye bandia na mdomo wa mtutu ukatikisika au kichwa kikanyanyuka, umejiona mwenyewe. Mimi nilifanyiwa hivyo na mzee mmoja aliyenifundisha, nikajiona shujaa kumbe nafumba macho kabisa. Dawa yake ni pedi ya mpira kwenye kitako, kinga ya masikio mara mbili, na kupunguza idadi, slagi tano sita kwa siku zinatosha.

Anza mita 25, usianzie 50. Kaa chini, laza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, mkono wako uwe kati ya mfuko na mbao, maana ukilaza mtutu wenyewe kwenye kitu kigumu itaruka juu. Nyuma ya shabaha pawe na kingo ya udongo, slagi haisimami kirahisi kama marisau na ikigonga jiwe inaenda isikojulikana. Piga tatu, acha mtutu upoe, piga tatu nyingine za aina tofauti. Nunua aina tatu nne, boksi moja moja. Ninachokwambia hapa hakuna mtu anaweza kukufanyia kwa mbali: bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja wiki moja zinaweza kupenda slagi tofauti kabisa. Bunduki ndo inachagua, wewe unalipa tu. Kwa nguruwe, zikilingana kwa kulenga, mimi ningechukua ile iliyojaa ya mtindo wa Brenneke, kwa sababu haitanuki haraka kama Foster na inazama ndani zaidi, na nguruwe ana bega gumu. Ila kama Foster inapiga kundi la sentimita 10 na Brenneke inapiga 25, chukua Foster, usiwe na mapenzi na jina.

Ukishapata inayopendwa, rudi mita 50 upige tano kwenye sahani ya sentimita 20, hiyo ndo takriban sehemu ya moyo na mapafu. Zikiingia zote tano, umbali wako ni mita 50. Zikiingia nne, umbali wako bado ni ule wa nyuma, na ile ya tano usijidanganye kwamba ulitingishika. Wengi wenye mtutu laini na shanga moja wanaishia mita 40 au 50 na wanawinda maisha yao yote hivyo hivyo. Ukifunga kilengeo cha tundu au cha doti nyekundu unaweza kusogea mpaka 70 hivi, baada ya hapo slagi inashuka haraka na kukadiria kunakuwa kamari. Na bila kitu cha kulengea nyuma, hayo mengine yote uliyofanya yatakusaidia nusu tu. Kama una hela ya kitu kimoja, nunua kilengeo kabla ya vifaa vya kujazia.

Ambayo inatuleta kwenye kujaza. Sitaki nikutishe, mi mwenyewe najaza kwa miaka mingi na naipenda kazi yenyewe, usiku kimya, mizani mezani. Watu wa geji 16 na 28 wengi wanajaza kwa sababu risasi zao hazipatikani kirahisi. Lakini geji ndogo ina nafasi ndogo ya kukosea na ningependa uelewe kwa nini, usichukue tu kwamba mtaalamu kasema.

Baruti isiyo na moshi hailipuki kama baruti ya mgodini, inaungua, na inaungua haraka zaidi kadri presha inavyopanda, na presha inapanda kadri inavyoungua haraka. Inajilisha yenyewe. Kwa hiyo ukiongeza sehemu moja ya kumi ya baruti hupati presha zaidi kwa sehemu moja ya kumi, unapata zaidi ya hapo, na ukipita mahali fulani inaruka bila kuaga. Sasa angalia tundu: la geji 12 lina eneo la kama milimita mraba 269, lako lina 191. Mzigo wa uzito ule ule una mahali padogo pa kusukumwa, kwa hiyo unahitaji presha kubwa zaidi kusogea. Kiwango cha juu cha Marekani kwa geji 12 ya kawaida ni psi 11,500 (psi ni pauni kwa inchi mraba, kipimo cha presha), kwa geji 20 ni 12,000, kwa .410 ya inchi 3 ni 13,500. Unaona, kadri bunduki inavyokuwa ndogo ndivyo inavyofanya kazi karibu zaidi na ukingo, na ganda lenyewe ni dogo kiasi kwamba chembe chache za baruti ambazo kwenye geji 12 usingeziona, hapa zina maana.

Halafu slagi si marisau. Marisau yanajipanga, yanasogezana, yanapita kama mchanga. Slagi ni kipande kimoja kinachopaswa kujiminya. Kwa hiyo ile hesabu ya "natoa gramu 21 za marisau naweka slagi ya gramu 21, baruti ile ile" haifai, hata kama mizani inasema sawa. Ubadilishe praima (kile kidude cha kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti), ubadilishe aina ya ganda (kuna maganda ambayo ndani yamesimama wima na mengine yamepungua kwenda chini, nje huoni tofauti), ubadilishe kizibo, ubadilishe namna ya kufunga mdomo, ule mkunjo wa nyota au ule wa kuviringisha, kila kimoja peke yake kinaweza kupeleka presha pengine. Ndo maana sitakuandikia hapa gramu ngapi za baruti gani. Kipimo ni cha mchanganyiko mzima: ganda hili, praima hii, baruti hii, kizibo hiki, slagi hii, kufunga hivi. Unakichukua kwenye kitabu au jedwali la mtengeneza baruti, lililoandikwa kwa slagi na kwa geji yako, kwa toleo la sasa, na unalifuata bila kubadili hata rangi ya kizibo. Ukikosa kimoja unangoja upate. Kwa geji 20 majedwali ya slagi ni machache kuliko ya geji 12, na kalibu nyingi za kumwagia slagi ni za geji 12, kwa hiyo mara nyingi utagundua kwamba slagi unayoweza kuimwaga haina jedwali. Hapo ndo watu wanapoanza kukisia.

Nikusimulie yangu. Siku moja nilikuwa najaza za mazoezi, marisau hata si slagi, nyumba ina unyevu, baruti ikashikana kwenye bomba la kushushia. Ganda moja likapata kidogo. Sikuona. Kesho yake uwanjani risasi ya nne ikasema "pwaa" badala ya "paa", kama mtu anayepuliza chupa, marisau yakadondoka hatua chache mbele, moshi kidogo. Mkono ulikuwa tayari unachukua nyingine, nilikuwa na haraka. Sijui nini kilinisimamisha. Nikavunja bunduki, nikatazama kwenye mwanga: giza. Kizibo cha plastiki kilikuwa kimekaa theluthi mbili ya mtutu. Nikasukuma na fimbo ya mbao, kikatoka. Ila kilichoniogopesha zaidi kilikuja jioni, nilipofikiria ile baruti iliyoshikana ilikuwa imekwenda wapi. Ilidondoka kwenye ganda lililofuata, juu ya kipimo chake. Nikafungua boksi, nikapima moja moja, nikaipata, nzito kuliko zote. Tangu siku hiyo napanga maganda yote kwenye trei yakiwa na baruti, nachukua tochi, natazama ndani ya kila moja kabla kizibo hakijaingia, na sizungumzi na mtu wala simu haipo chumbani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni usijaze slagi, angalau sio sasa. Nguruwe unahitaji slagi ngapi kwa mwaka? Boksi tatu nne pamoja na mazoezi. Mashine, mizani, kalibu, chungu cha kuyeyushia, hazijilipi kwa hesabu hiyo. Ukitaka kujifunza, anza na marisau mepesi chini ya mtu anayejua, akae pembeni yako kabisa, na uulize kwanza sheria ya ulipo kwa sababu kuna nchi kujaza risasi kunahitaji kibali chake na kuna nchi hairuhusiwi. Na ukifika kwenye kuyeyusha, ledi inayeyuka nyuzi 327, tone moja la maji au jasho likiingia chunguni linageuka mvuke papo hapo na ledi yote inarukia usoni. Hewa iwe inapita, watoto wasiwepo, mikono ioshwe kabla ya kula chochote. Hata kwenye nyama, kata utupe kwa ukarimu pale slagi ilipopita, ledi laini inaacha vipande usivyoviona.

Kuna na ile tabia ya kukata ganda la marisau pembeni ili mbele nzima itoke kama slagi, au kumwagia nta ya mshumaa ndani. Jamaa yako akikuletea wazo hilo pia, jibu ni hapana. Mtutu haukutengenezwa kupitisha nusu ya ganda.

Kwenda kwa fundi ni lazima kama hukuona mihuri, kama mtutu na kitasa vinacheza ukivitikisa, kama unaona uvimbe au pete ya kivuli ndani ya mtutu ukiutazama kwenye mwanga, au kama maganda uliyopiga yanang'ang'ania kutoka na praima zake zimebapaika au zimetobolewa. Chukua hata yale maganda 10 uende nayo, fundi mzuri atayasoma.

Na ule mfuko wa 18. Hujui baruti gani, hujui kiasi, hujui ledi gani, na aliyezijaza ndiye huyo huyo anayesema "tuongeze kidogo". Usipige hata moja, hata ya kujaribu kwa kufunga bunduki kwenye mti na kuvuta kamba. Usizifungue mwenyewe kutoa baruti, usizitupe kwenye takataka wala motoni. Mpigie fundi au duka lililokuuzia slagi uulize wanapokea vipi, wasipopokea uliza kituo cha polisi kilichosajili bunduki yako kabla ya kuzisafirisha. Mpaka hapo ziwe kwenye kisanduku kilichofungwa, mbali na bunduki na mbali na zile za dukani, na uandike kwa herufi kubwa juu yake USIPIGE, maana wewe unajua ni zipi lakini mwingine wa nyumbani hajui.